Piebald, roan, mottled, calico: neno lipi la Kiingereza kwa rangi zipi?

Ukitafuta katika kamusi neno la Kiingereza la "mwenye mabaka", utapewa kapu zima: spotted, patchy, pied, piebald, dappled, mottled, speckled, brindled. Yanaonekana ndugu wa tumbo moja, na mfasiri mwenye haraka huokota la kwanza. Lakini mfugaji wa farasi wa Uingereza akisoma brindled mahali palipotakiwa skewbald, anamwona mnyama mwingine kabisa.

Kiswahili huanza na umbo la alama. Doa, baka, waa, mlia: ukishalijua umbo, unalisema juu ya chui, juu ya shuka, hata juu ya ukuta ulioota ukungu. Kiingereza mara nyingi huanza na mwenye hiyo rangi. Farasi ana maneno yake, paka ana yake, jani la muhogo lina lake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize mambo matatu. Kwanza, ni nani au ni nini chenye rangi hizo? Pili, rangi zinakutanaje: zimetengana kwa mpaka mkali, zinafifia moja ndani ya nyingine, au zimechanganyika unyoya kwa unyoya? Tatu, msomaji wako yuko upande gani wa Atlantiki? Kwa swali la pili, asili ya neno husaidia mara nyingi kuliko maelezo ya kamusi.

Piebald, skewbald na pied

Pie ni jina la zamani la ndege wa Ulaya wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, mwenye mkia mrefu. Siku hizi anaitwa magpie. Jina hilo lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, pica. Bald leo ni "mwenye kipara", lakini zamani ilimhusu pia mnyama mwenye alama nyeupe, hasa usoni. Ndiyo maana bald eagle, yule tai wa nembo ya Marekani, hana kipara hata kidogo: kichwa chake kimejaa manyoya meupe. Ukiunganisha sehemu hizo mbili unapata piebald, neno lililoanza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 16: weupe uliokaa kama wa ndege yule, yaani mabaka makubwa yenye ukingo wazi, nyeusi na nyeupe.

Skewbald ilifuata katika karne ya 17. Kwa Waingereza, piebald ni nyeusi na nyeupe tu. Skewbald ni nyeupe pamoja na rangi yoyote nyingine isiyokuwa nyeusi, iwe hudhurungi, nyekundu au ya mchanga. Kiasi cha weupe hakibadilishi neno. Farasi mwenye weupe karibu mwili mzima na baka moja jeusi kwenye paja bado ni piebald. Kama hujui baka ni jeusi au ni kahawia iliyokoza, tumia coloured, ambalo Uingereza linawachukua wote wawili. Angalizo ni kwamba neno hilo hilo kwa binadamu lina historia chafu ya ubaguzi, kwa hiyo lisitoke kwenye zizi la farasi.

Pied ndilo kongwe kuliko yote matatu, la karne ya 14. Leo limebaki hasa kwenye majina ya ndege. Pied kingfisher ni yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujirusha. Pied crow ni kunguru wetu wa asili, mweusi mwenye shingo na kifua cheupe pe. Hapa watu huteleza. Kunguru wanaopiga kelele Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wengi wao ni wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, na shingo yao ni ya kijivu. Huyo kwa Kiingereza ni house crow. Ukimwita pied, mtaalamu wa ndege ataandika spishi nyingine kwenye daftari lake.

Na kwa kuwa tumemgusa ndege yule wa Kilatini: hali ya kutamani kula visivyolika, kama udongo kwa baadhi ya wajawazito, kitabibu inaitwa pica. Ni jina lake lile lile, kwa sababu alisifika kuokota na kula chochote.

Pinto na paint

Vuka bahari uende Marekani na piebald karibu inatoweka kwenye farasi, ingawa utaikuta kwa paa wa porini na kwa chatu wa kufugwa. Farasi wa mabaka huko ni pinto, kutoka Kihispania, "aliyepakwa rangi". Paint kwa Kiingereza ina maana hiyo hiyo, lakini kibiashara haya ni mambo mawili. Pinto ni rangi. Paint, kwa herufi kubwa, ni uzao wenye nyaraka: American Paint Horse Association husajili wale ambao wazazi wao ni Paint, au ni wa uzao mwingine wa farasi, Quarter Horse au Thoroughbred, waliosajiliwa. Kila Paint mwenye mabaka anaweza kuelezwa kuwa pinto. Si kila pinto anaweza kuuzwa kwa jina la Paint. Ukitafsiri tangazo la mauzo, usiipunguze herufi ile kubwa, maana imebeba bei.

Ndani ya pinto kuna maneno mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Tobiano ana weupe unaovuka mgongo kutoka juu kwenda chini, kingo laini, na kwa kawaida miguu yote minne ni meupe. Overo weupe wake unaanzia tumboni na ubavuni na mara nyingi hauvuki mgongo. Kingo zake zimechanika-chanika na uso una weupe mwingi. Tofauti hii si ya urembo. Aina moja ya overo, iitwayo frame, hutokana na jeni ambayo mtoto akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa mweupe, utumbo wake hauna neva za kusukuma chakula, na hufa ndani ya siku chache. Ukipandisha frame kwa frame, uwezekano wa kupata mtoto wa namna hiyo ni asilimia 25 kila mimba. Mfasiri aliyeandika "mabaka" kwa yote mawili amefuta onyo ambalo mfugaji alilihitaji.

Pinto lilihamia pia kwenye maharage. Kenya, mbegu ya GLP 92, maarufu Mwitemania, ni pinto: punje ya rangi ya maziwa ya kahawa yenye madoa ya hudhurungi. Rosecoco, GLP 2, si pinto. Kwenye biashara ya mbegu hiyo ni red mottled, kundi moja na Lyamungu 90 ya Tanzania. Ukitandaza kiganjani punje za aina zote mbili utaelewa kwa nini: Mwitemania ina ardhi moja ya rangi na madoa juu yake, wakati kwenye Rosecoco nyekundu na rangi ya krimu zinagombania punje nzima bila mmoja kuwa ardhi ya mwenzake.

Dappled, mottled, speckled

Mfano huo wa maharage ndio ufunguo wa mottled. Ni rangi zilizovurugana, kingo hazieleweki, huwezi kuhesabu madoa. Neno linatokana na motley, lililokuwa jina la kitambaa cha nyuzi za rangi mbalimbali. Marumaru, ngozi ya chura, mkate ulioota ukungu: vyote mottled.

Dappled ni ya mviringo, na ina uzuri ndani yake. Lugha za jirani zilimlinganisha farasi wa namna hii na tofaa: Wafaransa humwita pommelé, na Kinorwe cha kale kilikuwa na apalgrár, "kijivu cha tofaa". Mtazame farasi wa kijivu ubavuni: utaona duara za rangi hafifu, kila moja imezungushiwa pete iliyokoza. Nje ya wanyama, dappled hutumika kwa mwanga wa jua unaopenya majani na kuanguka chini vipande vipande. Usiitumie kwa kitu kibaya. Ngozi yenye upele haiwi dappled, wala ukuta unaovuja.

Speckled ni madoa mengi, madogo sana, yametawanyika: mayai ya kware, kuku wa madoadoa. Doa likiwa kubwa kiasi cha kuonekana moja moja, hamia kwenye spotted, kama fisi madoa, ambaye ni spotted hyena. Kanga, ndege ambaye vitone vyake vinasemwa kuwa ndivyo vilivyoipa khanga jina, anaweza kuitwa speckled au spotted. Wafugaji wa Marekani wana neno lao kwa rangi yake ya asili, pearl, yaani lulu. Freckled ni ya ngozi ya binadamu, basi.

Roan na grey

Hawa wawili ndio huwatesa hata Waingereza wenyewe. Wote wana nywele nyeupe zilizochanganyika na za rangi, unyoya kwa unyoya, bila baka lolote. Anayewatofautisha ni kichwa na umri.

Roan mwili wake umechanganyika, lakini kichwa, sehemu ya chini ya miguu, nywele za shingoni na mkia hubaki na rangi kamili. Hali hiyo haiendi ikiwa nyeupe zaidi kadiri anavyozeeka. Akichubuka, nywele zinazoota juu ya kovu huota bila nyeupe ndani yake, kwa hiyo kovu huonekana kama doa lililokoza. Farasi mzee wa kazi huwa nayo tele. Mwenye asili nyeusi huitwa blue roan, mwenye asili nyekundu strawberry roan au red roan.

Grey huzaliwa na rangi nyingine kabisa, nyeusi au nyekundu, kisha weupe humwingia mwaka hadi mwaka, mara nyingi ukianzia usoni. Katikati ya safari hiyo ndipo anapokuwa dappled grey. Mwishoni huwa mweupe kwa macho, lakini ngozi chini ni nyeusi, na wenye farasi wataendelea kumwita grey. Baadhi huota vitone vidogo vya hudhurungi juu ya weupe ule, na hapo jina ni flea-bitten grey. Hakuna kiroboto aliyehusika. Usimtafsiri hivyo na kumtia mwenye farasi aibu.

Kwa ng'ombe, roan ni hadithi ya uzao uitwao Shorthorn. Dume jekundu kwa jike jeupe, ndama wote ni roan. Roan kwa roan, unatarajia robo wekundu, nusu roan na robo weupe. Ndiyo maana huwezi kujenga kundi la roan watupu linalozaana lenyewe. Na korongo, yule swala mkubwa wa hifadhi za Ruma, Kenya, na Ruaha, Tanzania, ni roan antelope kwa ajili ya rangi yake ya kijivu chenye wekundu.

Brindled

Si madoa. Brindled ni michirizi myembamba iliyokoza, isiyonyooka, juu ya kahawia au rangi ya mchanga. Mzizi wake ni ule wa kuungua, kana kwamba mnyama amepitishwa motoni akatoka na alama za makaa. Utaikuta kwa mbwa aina ya Boxer na Greyhound, kwa ng'ombe, na kwa nyumbu: jina lake mojawapo ni brindled gnu, kwa ajili ya michirizi ya shingoni na mabegani. Mlia ukiwa mpana na mpaka wake mkali, kama wa punda milia, ni striped.

Tabby, tortoiseshell, calico

Mtaa wa Attabiyya, Baghdad, ulifuma hariri yenye mawimbi. Kitambaa kikaitwa attabi kwa Kiarabu, tabis kwa Kifaransa, tabby kwa Kiingereza, na mwishoni mwa karne ya 17 jina likampanda paka mwenye milia. Tabby si rangi, ni mchoro: kuna wa milia myembamba, wa mizunguko mipana ubavuni, wa madoa, na yule ambaye kila unyoya una mikanda yake. Ukitaka rangi, itangulize: brown tabby, orange tabby. Alama inayomtambulisha ni mchoro kama herufi M juu ya macho.

Tortoiseshell ni nyeusi na rangi ya chungwa zilizoingiliana, bila weupe au na weupe kidogo sana. Jina linatokana na magamba ya kasa, hasa ng'amba, bidhaa ambayo pwani yetu iliiuza tangu zama za Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki: mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 waliiandika pamoja na pembe za ndovu. Leo biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku, ila jina limebaki kwa paka na kwa fremu za miwani za plastiki.

Paka mwenye nyeusi, chungwa na mabaka makubwa meupe, Uingereza ni tortoiseshell and white. Marekani ni calico. Kisa chake kiko dukani. Calico ni kitambaa cha pamba kilichopewa jina la Calicut, mji wa Kozhikode wa leo, kusini-magharibi mwa India. Ukiagiza calico London utaletewa pamba isiyopaushwa, haina ua hata moja. Ndiyo sisi tunaiita merikani, nasi tukitaja ilikotoka. Ukiagiza Texas utaletewa kitambaa chenye maua madogo ya rangi. Paka alipewa jina la kile cha maua, ndiyo maana calico cat haina mantiki masikioni mwa fundi cherehani wa Kiingereza.

Jambo moja la kuzingatia katika sentensi: mtaje kwa she. Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu X, na ili paka awe na chungwa na nyeusi pamoja anahitaji X mbili. Dume wa namna hiyo hukadiriwa mmoja kati ya 3,000 hivi, na kwa kawaida ni tasa.

Mosaic, mottle, streak, variegated

Kwa bwana shamba, hapa ndipo neno lisilo sahihi linapogharimu. Batobato la mihogo ni cassava mosaic disease, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara. Mosaic maana yake mabaka ya kijani kilichokoza na kijani hafifu au njano yana mpaka mkali, mara nyingi yakizuiwa na mishipa ya jani, kama vigae sakafuni. Jani hujikunja na kudumaa. Virusi huenezwa na nzi weupe na kwa vipando vilivyokwisha kuambukizwa.

Mottle ni mabaka yanayofifia, bila mpaka wa kueleweka. Kimyanga ya mpunga ni rice yellow mottle, iliyoripotiwa kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu. Streak ni michirizi: ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mihogo ni cassava brown streak, na anayeukagua kwa macho ya batobato ataukosa, kwa sababu majani hayajikunji; njano hufuata mishipa ya majani ya chini, michirizi iko kwenye shina changa, na uozo mkavu wa kahawia uko ndani ya muhogo uliokwisha kukomaa.

Variegated si ugonjwa. Ni mmea wa mapambo wenye majani ya rangi mbili au zaidi kwa kuumbwa, sehemu nyeupe ikiwa haina klorofili, ile inayolipa jani ukijani. Ukiandika kwenye ripoti kwamba umeona variegated cassava, msomaji anaweza kudhani umekuta muhogo wa bustani, ambao kweli upo na unauzwa kwa majani yake ya njano na kijani. Kwa mwenye bustani: tawi likirudi kijani tupu likate mapema, maana lina klorofili nyingi zaidi na litayafunika mengine. Majani yakiwa ya njano mwili mzima bila mabaka, neno si mojawapo ya haya; ni chlorosis au yellowing, na mara nyingi tatizo ni lishe ya udongo.

Ngozi ya binadamu

Patches ni salama. White patches, depigmented patches, ukitaka ya kitabibu. Piebald usimwite mtu, ingawa piebaldism ipo kama jina la hali ya kuzaliwa: mabaka meupe tangu siku ya kwanza, mara nyingi na shungi la nywele nyeupe mbele, nayo hayasambai. Vitiligo, ambayo wengi huijua kama mbalanga, huanza baadaye maishani na huweza kuongezeka. Kwenye barua ya rufaa tofauti hiyo ina uzito, kwa hiyo andika yalianza lini.

Mottled kwenye ngozi ya mtoto mwenye homa ni neno la dharura. Linamaanisha damu haizunguki vizuri. Madoa ya zambarau na weupe yaliyotanda kama wavu. Kwa watu wa kawaida, huduma za afya za Uingereza husema blotchy. Kwenye ngozi nyeusi au ya kahawia angalia viganja, nyayo, midomo na ulimi, ambako huonekana kwa urahisi zaidi.

Yasiyohusu rangi tena

Motley ilikuwa nguo ya chale wa ikulu, na kejeli haijamtoka. A motley crew ni kundi lisilofanana na lisiloaminika sana. Ukitaka kusifu timu ya watu wa makabila na umri tofauti, sema diverse au mixed. Patchy ni "hapa ipo, pale haipo": patchy network, patchy rain, na ripoti ya mwanafunzi ikisema patchy work si sifa. Chequered, Marekani checkered, ni ya mirabaraba kwa kitambaa. Kwa maisha ya mtu, a chequered past, humaanisha kuna mambo nyuma ambayo asingependa yaulizwe kwenye usaili.